Nilimwandika "mzima" mama aliyenishikisha uvimbe wake

Nimekosa. Sikudanganywa, sikulazimishwa, wala shetani hakunipitia kama wanavyosema watu wakishafumwa. Nilikosa mimi mwenyewe, macho makavu, kalamu mkononi.

Usinionee huruma, mwenzangu. Kazini walinionea huruma ya kutosha, na haikumsaidia mtu. Nichukie ukitaka. Ila soma mpaka mwisho, kwa sababu huenda hata wewe umewahi kutoa damu yako mahali, na mpaka sasa unasubiri simu.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Nilikuja Kibiti kutoka bara nikiwa msichana mwenye barua ya ajira na sanduku moja. Nikazoea, nikaolewa, nikabaki. Tangu shuleni nina kipaji kimoja tu: kueleza. Nipe jambo gumu, nitalieleza mpaka bibi asiyejua kusoma aondoke akamweleze jirani yake. Watu walikuwa wakinisifu, na mimi nikazipenda sifa hizo kuliko nilivyojua.

Leo kipaji hicho nakiogopa.

Walikuja watafiti kutoka mjini, wakitafuta alama za saratani ya matiti. Ngoja nikueleze, maana bila hili hutaelewa ubaya wa nilichofanya.

Mwili wetu umejengwa kwa seli, vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina utando wake wa nje, na juu ya utando huo zimechomoza protini za kila namna. Nyingine ni kama milango, nyingine kama masikio ya kupokea habari. Seli ikigeuka kuwa ya saratani, nje yake nako hubadilika. Hutoa protini fulani nyingi kupita kiasi, au huvaa ambazo hazikuwa zake. Baadhi hukatika, zikaelea kwenye damu.

Watafiti walitaka kujua ni zipi hasa. Wakizijua, siku moja tone la damu litaweza kutoa taarifa mapema, kabla ugonjwa haujaota mizizi. Siku moja! Shika maneno hayo mawili, kwa sababu mimi niliyaacha.

Kwa hiyo walihitaji damu za aina mbili. Damu ya wanawake wagonjwa, na damu ya wanawake wazima ya kulinganishia. Maana ukiikuta protini kwa mgonjwa, halafu ukaikuta vilevile kwa mzima, hiyo haikusaidii kumtambua mgonjwa. Unaitupa, unatafuta nyingine.

Mimi nilipewa kutafuta wazima. Nikapangiwa delta, kule mto unakoingia baharini, upande wa Salale, kwenye visiwa ambako huendi bila boti.

Safari ya kwanza nilikwenda na mwenzangu mmoja, kijana wa mjini, msomi kweli. Akasimama kwenye baraza la zahanati, akaanza: utando wa seli, protini za juu ya seli, viashiria. Wanawake wakamtazama kama watu wanaongoja mvua ipite. Mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu anauza nini?" Wakacheka, wakaondoka mmoja mmoja. Tulirudi Kibiti na vichupa vitupu.

Safari ya pili nikasema nitaeleza mimi.

Sasa, delta ni nchi ya mikoko. Kule hata mtoto anajua habari ya boriti. Ukikata boriti kwa kibali, mtu wa misitu anakuja kuigonga nyundo kwenye ncha yake, inabaki alama. Ukipita na shehena kwenye kizuizi, afisa hapasui boriti kutazama ndani. Anatazama alama kwa nje, basi. Akiona kasoro, anakushika palepale.

Nikawaambia: "Mama zangu, seli ya mwili ni kama boriti. Sisi hatuipasui. Tunatazama nje yake, imegongwa nyundo gani. Seli nzima ina alama zake, seli ya saratani ina za kwake. Tunataka kuijua nyundo ya saratani."

Lo! Ungeona nyuso zilivyofunguka.

"Kwa hiyo sisi boriti?" akauliza mama mmoja mnene, mikono kiunoni.

"Wewe boriti kweli," akajibu mwenzake, "mimi upau tu wa kuezekea. Mwenyewe ukijiona huoni?"

Wakapasuka kicheko. Mmoja akauliza swali la maana: "Na hiyo nyundo ya kansa anayeigonga nani?" Nikamjibu kwamba seli inajigonga yenyewe, ikishaasi. Akatikisa kichwa, "Haya, kama jambazi anayejichora mwenyewe." Nikafurahi! Nikajiona mwalimu.

Siku ile walijipanga foleni wenyewe. Tangu hapo delta nzima ikaniita Dada Nyundo. Nikishuka kwenye boti watoto wanapiga kelele, "Dada Nyundo kaja!" Watafiti wakaniambia hawajapata kuona mtu wa namna yangu. Nikavimba kichwa.

Lakini mfano ule ulikuwa na mkia wake, na mkia huo niliuona. Sitasema sikuuona.

Kule delta kila mtu anajua sheria ya kizuizi: ukishakaguliwa ukaachiwa, mzigo wako safi. Hakuna afisa anayekufuata baadaye kukuambia ulipita salama. Kimya chake ndicho kibali chako. Basi wale wanawake waliposikia nyundo na alama, walijimalizia wenyewe: tumekaguliwa, tukiona kimya, tumepita.

Nilikuwa nawasikia wakiambiana hivyo wakati wa kushikilia pamba mkononi. "Mimi nimeshapimwa kansa, shoga. Nenda na wewe."

Nilitakiwa kusimama niseme: hapana, hampimwi. Damu hii haitatoa jibu la mtu yeyote. Inakwenda kwa namba, inalala kwenye jokofu, na siku itakapotazamwa hakuna atakayeuliza ni ya nani. Fomu ilisema hivyo. Niliwasomea fomu ile mbiombio, kama mtu anayemalizia dua ya chakula na njaa inamuuma. Halafu wakatia dole gumba.

Kwa nini sikusimama? Kwa sababu wangeondoka kwenye foleni! Ndiyo hivyo. Nilijua wakijua, nusu yao wataondoka.

Bi Somoe, nimemwita hivyo lakini si jina lake, alikuja safari ya tatu. Mama wa makamo, analima mpunga kwenye mabonde ya delta na kukausha kamba wa baharini. Mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni, wa ishirini. Nilikuwa nimewaahidi watafiti wanawake ishirini, na nilikuwa nimejisifu mbele ya kijana yule wa mjini kwamba mimi sirudi na pungufu.

Nikamtoa damu. Nikamuuliza kama nilivyotakiwa, "Una uvimbe wowote kwenye titi?" Akatazama chini, hakujibu. Nikaanza kufunga vitu.

Unajua mambo ya kule. Maji yakikupwa, vijito vya mikoko vinakauka, boti inakaa kwenye tope, na ninyi mnakaa nayo mpaka maji yarudi, mbu wakila. Na damu haingoji. Lazima ifike gatini Nyamisati, ipande pikipiki, ifike Kibiti izungushwe kwenye mashine kabla haijaharibika.

Nahodha wetu, Kibwana, alikuwa anapiga kelele kutoka chini: "Dada, maji yanatoka! Tukilala topeni mimi simo!"

Hapo ndipo Bi Somoe aliponivuta kiwiko.

"Dada Nyundo, hebu njoo."

Akanipeleka nyuma ya mlango wa zahanati. Akalegeza kanga. Akauchukua mkono wangu mwenyewe, akauweka.

Nilikishika. Nisikilize vizuri: nilikishika! Kigumu, ukubwa wa korosho iliyobanguliwa. Ukikisukuma hakitelezi.

"Hakiumi," akasema. "Ndiyo maana sisemi. Kingeuma ningesema."

Mimi si daktari, lakini miaka yote niliyokaa kwenye maabara ilinitosha kujua kwamba kisichouma ndicho cha kuogopwa. Kitabu cha rufaa kilikuwa kwenye mkoba begani mwangu. Karatasi moja. Kuandika jina, kijiji, na neno "uvimbe". Kisha kukata jina lake kwenye orodha ya wazima, nirudi na kumi na tisa.

"Dadaaa! Maji!"

Nikamwambia hivi, na maneno haya nitakufa nayo: "Bi Somoe, damu yako si tumeshaichukua? Kama kuna alama, tutaiona. Ukisikia kimya, ujue salama."

"Wallahi?"

"Niamini mimi."

Akafunga kanga, akatabasamu. Alitabasamu, mwenzangu! Akanisindikiza mpaka majini, akanipa kamba wakavu kwenye jani.

Ndani ya boti nikajaza fomu yake juu ya goti. Pale palipoandikwa "Uvimbe kwenye titi" nikaandika: "Hakuna." Pale palipoandikwa "Hali" nikaandika: "Mzima."

Kibwana alinitazama akasema, "Leo umetimiza, Dada Nyundo." Nikasema, "Nimetimiza." Tukala wale kamba njiani.

Je, nilisahau? Sikusahau. Kila nikifungua jokofu nilikuwa naiona safu ya vichupa, na namba yake naijua. Nikajiambia safari ijayo nitampelekea rufaa. Safari ijayo tukapangiwa kisiwa kingine. Nikajiambia nitampigia simu muuguzi wa zahanati. Simu ipo mfukoni! Nikaogopa muuguzi ataniuliza, "Kama ulikishika, mbona umemwandika mzima?" Basi nikanyamaza.

Mpunga ukavunwa. Ukapandwa tena, ukavunwa tena.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye dirisha la maabara hapa Kibiti, foleni imejaa wagonjwa. Akaja mwanamke mrefu, amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Hakushika foleni.

"Wewe ndiye Dada Nyundo?"

"Ndiye mimi, karibu mama."

"Usinikaribishe! Nyundo yako imegonga."

Sikuelewa. Akajitambulisha kwa sauti ya kusikika mpaka nje: ni Mwanahawa, mdogo wake Bi Somoe, anauza kamba na dagaa hapa sokoni. Dada yake titi limefunguka kidonda. Mkono umevimba. Amelazwa kwenye mkeka chumbani kwake Mwanahawa toka juzi.

"Mwaka mzima na zaidi namwambia, dada njoo Kibiti uonwe. Unajua alikuwa ananijibu nini? Ananiambia, mimi nimepimwa na watu wa mjini, wewe muuza kamba unajua nini? Dada Nyundo amesema kimya ni salama. Kimya! Kila nikimsihi, kimya! Mpaka linanuka, ananiambia wangeona kitu wangenipigia!"

Foleni yote imegeuka. Mzee mmoja aliyekuja kupima malaria akasema taratibu, "Astaghfirullah."

Na mimi, hebu sikia uovu wa mtu. Badala ya kuanguka magotini, nikasema, "Lakini mama, fomu ilieleza kwamba huu ni utafiti, si kipimo. Alitia dole gumba."

Mwanahawa akasogea mpaka dirishani.

"Unanionyesha dole gumba la dada yangu," akasema. "Dole lile limepanda mpunga, limelea wanawe na wangu. Na wewe unalifanya ngao."

Akatema mate chini, mbele ya dirisha langu. Akaondoka. Hakuna aliyenitetea, na nawashukuru kwa hilo.

Jioni nilikwenda nyumbani kwake. Mwanahawa alitaka kunifungia mlango, lakini sauti ikatoka ndani: "Mwache aingie."

Bi Somoe alikuwa ameegemea ukuta, amepungua. Mikono ile mikubwa imebaki mifupa. Harufu sitaieleza. Na kitu cha kwanza alichofanya, Mungu wangu, ni kunitetea!

"Mwanahawa, usimtukane mtoto wa watu. Angeona kitu angeniambia. Labda kimeanza baadaye." Kisha akanigeukia. "Si ndiyo, mwanangu? Damu yangu mliitazama?"

Hapo ningeweza kudanganya tena. Mlango ulikuwa wazi kabisa! Ningesema, ndiyo, tulitazama, hatukuona. Angeniamini. Angekufa akiniamini.

Nikasema, "Bado, Bi Somoe."

"Bado nini?"

"Haijatazamwa. Iko kwenye jokofu. Inangoja damu za wengine zitimie, zitazamwe pamoja. Na hata ikitazamwa, hakuna atakayetafuta jina lako. Haina jina, ina namba. Kipimo hicho cha kusema mtu ana saratani kwa damu hakipo. Ndicho wanachokitafuta. Nilikishika kile kitu siku ile, nikajua si cha kuachwa, na nikakuandika mzima."

Alikaa kimya. Kimya chake hicho ndicho kilichonifundisha maana ya lile neno langu.

"Kwa hiyo," akasema, "mvua zote hizi nimekuwa namngoja mtu ambaye hanitazami."

Akajifunika kanga kifuani.

"Na ulikishika."

"Nilikishika."

"Kwa mkono huo."

Nikautazama mkono wangu.

"Toka," akasema. Hakupaza sauti. "Toka, usikanyage mkeka wangu."

Kesho yake nilikwenda kwa daktari anayeongoza utafiti, nikamweleza kila kitu. Nilidhani atanifokea kwa ajili ya Bi Somoe, na alifoka. Lakini kuna jambo jingine alilolisema ambalo mimi, mweleza mambo mashuhuri, sikuwa nimelifikiria.

"Umemweka mgonjwa kwenye kundi la wazima. Tuseme alama ya kweli ya ugonjwa ilikuwepo kwenye damu yake. Tungeiona, tungesema: hii hata wazima wanayo, haifai, itupeni. Umeelewa? Ungeweza kututupisha kitu kilekile tunachokitafuta! Kwa ajili ya kutimiza ishirini!"

Jamani! Nilikuwa nimewaeleza delta nzima kwa nini damu ya wazima inahitajika. Nilieleza vizuri, na mwenyewe sikujielewa.

Damu zote nilizokusanya mimi ziliwekwa kando, kwa sababu kitabu changu hakiaminiki tena. Mama wote wale! Sindano zote zile, foleni zote, mashimo mikononi mwao, bure. Mimi nikaondolewa kwenye utafiti, na kazini nikahamishwa dirisha, sasa napokea makaratasi. Wapo wenzangu walioniambia, "Ungenyamaza tu, nani angejua?" Hao ndio ninaowachukia kuliko ninavyojichukia, kwa sababu nawajua: ndio mimi wa juzi.

Daktari alisema lazima turudi kule kisiwani, tuwaambie wote ukweli, na tuwachunguze waliotoa damu, kwa mikono, mmoja mmoja. Nikaomba niende. Nilitaka kusema kwa mdomo wangu.

Kwenye delta, boti ikifika, yeyote aliye ufukweni hudaka kamba ya kufungia. Hata kama ni adui yako, kamba unaidaka. Kibwana akarusha kamba. Walikuwepo watu zaidi ya kumi. Kamba ikaanguka kwenye tope. Akaivuta, akairusha tena. Ikaanguka tena. Mwisho akashuka mwenyewe, tope mpaka mapajani, akaifunga bila kunitazama.

"Mumiani wamerudi," alisema mtu. Wazee walikuwa wakiwatisha watoto kwa habari za wanyonya damu, na mimi nilikuwa nikizicheka. Sikucheka.

Yule mama mnene, aliyeitwa boriti, alisimama mlangoni mwa zahanati. "Boriti hazipo leo, Dada Nyundo! Nenda kagonge mikoko!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Niliongea hivyohivyo, nimesimama juani. Nikawaambia: hamkupimwa. Hakuna hata mmoja wenu aliyepimwa. Kimya changu hakikuwa na maana yoyote. Nikaona nyuso zikijifunga moja baada ya nyingine. Mwanamke mmoja akauliza, "Sasa hivi unatuambia ukweli, au huu nao ni mfano?"

Wachache walikubali kuchunguzwa, na si na mimi. Wengi waliondoka. Muuguzi wa zahanati alinivuta pembeni akaniambia kwa hasira ya mtu aliyechoka: "Wajawazito wangu sasa hawataki kuchomwa hata kidole. Mama mmoja amekataa mwanawe apimwe malaria. Wewe unapanda boti unakwenda zako. Mimi nabaki na hasara yako." Alisema kweli. Nilipanda boti nikaenda zangu.

Bi Somoe alipelekwa Dar. Nilifuatilia kwa mlango wa nyuma, kupitia kwa wauguzi, kwa sababu Mwanahawa hapokei simu zangu. Madaktari wanasema angekuja kikiwa ukubwa wa korosho, yangekuwa mazungumzo mengine. Sasa wanampa dawa za kumpunguzia maumivu na kumwongezea siku. Naandika haya yungali hai. Sijui utakaposoma.

Sasa nisikilize wewe unayesoma, hasa kama ni mwanamke na unakaa mbali na hospitali.

Mtu akikutoa damu, muulize kabla hajakufunga mpira mkononi: "Majibu yangu lini, na ataniletea nani?" Akikwambia ni utafiti na hakuna majibu, si lazima ukatae. Toa ukipenda, bila watu kutoa, alama hizo hazitajulikana, na mimi bado naamini siku moja zitajulikana. Lakini ujue moyoni kwamba hujapimwa. Nenda ukachunguzwe kama mtu ambaye hajawahi kuguswa. Kimya cha mtafiti hakikuambii kitu chochote kuhusu mwili wako.

Na wewe mwenzangu wa kazi hizi, mwenye ulimi mtamu kama wangu. Ukishatoa mfano wako mzuri na watu wakacheka, usishuke jukwaani. Waulize wakurudishie walichoelewa. Utakachokisikia kinaweza kukupunguzia foleni. Ipungue! Na mtu akikuvuta kiwiko nyuma ya mlango, maji na yatoke, boti na ilale topeni, mbu na wakule. Andika karatasi ya rufaa.

Kabla ya kutuma ungamo hili nilimwandikia Mwanahawa ujumbe, nikaomba amuulize dada yake kama naruhusiwa. Siku nne hakujibu. Siku ya tano likaja jibu, hilo hapa, sikubadili neno:

"Anasema andika. Waambie wenye kitu kisichouma wasingoje simu ya mtu. Na anasema usije ukaandika kwamba amekusamehe."

Sijaandika hivyo.